Ngeli ya Wanaopenya

Alikuwa mtu wa pasi. Kwa miaka ishirini na sita alisimama mbele ya mashine ileile katika chumba cha dobi cha hospitali, akiilisha shuka zilizolowa, na upande wa pili zikitoka zimenyooka kama karatasi. Wenzake walimwita Bwana Pasi, na jina hilo lilimganda hadi nyumbani, kiasi kwamba mkewe alitumia jina lake halisi siku za ugomvi tu. Hakuwa msemaji. Mashine za kufulia zilinguruma kutwa nzima, watu mle ndani waliongea kwa mikono na macho, na yeye utaratibu huo ulimfaa kabisa.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, msimamizi alimgusa bega.

"Bwana Pasi, panda juu. Wodi ya tatu. Wamemleta dada yako."

Dada yake alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda cha sare za shule. Alimzidi miaka miwili, hakuwahi kuolewa, aliishi peke yake katika chumba kimoja, na katika ukoo wao alijulikana kwa mambo mawili: mkono wake wa mkasi usiokosea, na tabia yake ya kuaga kwenye shughuli za watu kabla chakula hakijaletwa. Asubuhi hiyo alikuwa ameanguka juu ya meza ya kukatia, mkasi bado mkononi. Daktari alisema ni kiharusi.

Bwana Pasi alipanda ngazi na aproni yake, akamkuta amelazwa kitanda cha mwisho, pembeni ya ukuta. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umeshuka kama pazia lililochomoka kwenye ndoano. Mkono wa kulia haukujua kama una mwenyewe. Lakini wa kushoto ulikuwa kazini: uligonga chuma cha kitanda kwa kifundo cha kidole, ukakikwaruza kwa ukucha, ukagonga tena. Na mdomoni mlikuwa mnatoka sauti ambayo nesi hakujua aiandike vipi kwenye faili. Haikutoka, kwa kweli. Iliingia. Dada alikuwa akivuta pumzi ndani kupitia meno, na katika kuvuta huko kulikuwa na vipande vya maneno.

"Amekuwa hivi tangu afike," nesi alisema. "Anapapasa vyuma tu, na hiyo pumzi yake. Mzungumzishe, mzee, huenda wewe akakusikia."

Bwana Pasi aliinamia kitanda. Sauti ile alikuwa hajaisikia kwa miaka arobaini na sita.

"Anataka maji," alisema. "Na anasema hiyo taa ya juu inamchoma macho."

Nesi alimkazia macho. "Amesema hivyo kwa lugha gani?"

"Ya nyumbani," alijibu, na hapo wala hakudanganya.

*

Walikotoka, nyumbani kulikuwa ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa kabati. Baba yao alikuwa mwoka mikate: usiku yuko tanurini, mchana amelala. Mama alifanya usafi maofisini, akitoka asubuhi na kurudi jioni. Kwa hiyo watoto wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka saba, walikuwa wakitoka shule wanashinda ndani ya chumba ambacho mtu hakuruhusiwa hata kukohoa. Aliyemwamsha baba alijitakia mwenyewe.

Ndipo dada akawabuni Wafinyu.

Wafinyu waliishi katika upenyo uliokuwapo kati ya kabati na ukuta, mahali ambapo kiganja kiliingia lakini ngumi haikuingia. Walikuwa wembamba kama foronya, wamesimama kifua kwa mgongo, wengi mno, na kwa sababu ya kubanana hakuna aliyethubutu kutoa pumzi, maana angemsukuma mwenzake. Hivyo walisema kwa kuvuta. Dada aliita hivyo kusema kwa kumeza. Unafungua mdomo kidogo, unavuta hewa, na neno linaingia badala ya kutoka. Ukilizoea, hata mtu aliye hatua mbili hasikii.

Wakati huo mwalimu wao alikuwa akiwakaririsha ngeli hadi zinawatokea puani. Dada alinong'ona, "Wafinyu hawana mateso hayo. Ngeli zao ni mbili tu. Vinavyopenya na visivyopenya." Kabla ya kutaja kinachopenya, unakwaruza kwa ukucha mara moja: maji, moshi, uzi, mchwa, harufu ya mkate. Kabla ya kutaja kisichopenya, unagonga kwa kifundo: kiti, mkate wenyewe, mwalimu, mimi na wewe. Baba aligongewa mara mbili kwa sababu ya tumbo lake, na siku dada alipolitoa wazo hilo walicheka ndani ya mto mpaka machozi yakawatoka.

Hapakuwa na neno la "mimi". Dada alisema mtu aliyebanwa vile hajui anaishia wapi na jirani yake anaanzia wapi, kwa hiyo wote ni "sisi". Salamu ilikuwa mikwaruzo mitatu mifupi: Mpo? Na jibu mikwaruzo miwili: Tupo. Kwa miaka miwili walipiga soga kwa lugha ile mchana kutwa, mmoja akijifanya Mfinyu na mwingine mgeni, huku baba akikoroma upande wa pili wa kabati.

Kisha mvulana aliacha. Alikuwa na miaka tisa. Alimwambia dada yake kwamba amekua na ule ni utoto. Dada alimtazama kama mtu aliyenyang'anywa kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, wala hakubisha.

Lakini haikuwa utoto. Siku hiyo, saa tisa mchana, dada alikuwa ametumwa sabuni dukani. Mvulana alichoka kukaa bure, akajibanza kando ya kabati, akakwaruza mara tatu kwa mchezo tu. Mpo? Akajibiwa mikwaruzo miwili. Akadhani dada amerudi na amejificha. Akauliza, kwa kumeza, "Mko wangapi?" Wakaanza kumhesabia. Kwa ncha ya ukucha, tik, tik, tik, taratibu, bila haraka. Ishirini. Thelathini. Arobaini. Akainua macho akitabasamu, na kupitia dirishani akamwona dada yake ndiyo kwanza anavuka uwanja, mche wa sabuni mkononi, anamkwepa mbwa. Nyuma ya kabati hesabu haikuwa imesimama.

Hakumwambia mtu. Si mama, si dada, si mke aliyemwoa baadaye.

*

Sasa alitakiwa kuwa mkalimani. Hospitali ilikuwa na mtaalamu wa matamshi, binti mwenye umri sawa na mtoto wake wa kwanza, na binti huyo alipogundua kwamba mgonjwa ana lugha alifurahi kama aliyeokota kitu barabarani.

"Shikamoo, mzee wangu," alikuja kumwambia kule kwenye dobi, akipiga kelele kuzishinda mashine.

"Marahaba, mwanangu."

"Wagonjwa wangu wengi hawana njia hata ya kusema ndiyo. Dada yako anayo, tena ina sarufi! Kiswahili kimemfungia mlango, lakini hicho kingine bado kiko wazi. Nifundishe, tafadhali. Tupitie hapo hapo tukirudishe."

Kila siku saa nane, muda wa kuona wagonjwa, walikaa watatu. Bwana Pasi alitafsiri, binti akaandika. Mambo yalikwenda, ila kuanzia siku ya tatu mzee alianza kuachwa njiani. Dada alikuwa na maneno asiyoyajua. Si mawili wala matatu. Alimeza sentensi nzima ambazo ndani yake kaka mtu alishika salamu tu.

"Amesemaje?" binti aliuliza.

"Amechoka," Bwana Pasi alijibu.

Jumamosi alikwenda chumbani kwa dada yake kuchukua magauni ya kulalia. Alifungua kwa ufunguo wa mwenye nyumba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, vyombo vimeoshwa, mkasi wa akiba umening'inizwa msumarini. Kabati lilikuwa limesogezwa mbali na ukuta, upana wa kiganja. Alichungulia. Nyuma yake palikuwa pamefagiliwa, hapakuwa na vumbi wala utando wa buibui, na ukutani, usawa wa goti, rangi ilikuwa imelika na kung'aa kama kishikio cha mlango kilichoguswa na watu wengi.

Madaftari aliyakuta chini ya magauni. Yalikuwa kumi na saba, kuanzia la shule lenye jedwali la kuzidisha mgongoni hadi la mwaka huu. Ilikuwa kamusi ya Kifinyu. Dada alikuwa ameendelea nayo peke yake kwa miaka arobaini na sita. Maneno yalipangwa kwa ngeli, kila moja na mikwaruzo au mapigo yake, na kando ya kila neno palikuwa na alama ndogo. Ukurasa wa kwanza ulieleza kwa mwandiko wa mtoto: *Nukta, nimeunda. Duara, nimepewa.*

Daftari la kwanza lilijaa nukta. La pili lilianza kuwa na duara moja moja. Kufikia la kumi, nukta zilikuwa za kutafuta.

Alikaa kwenye kigoda akasoma. Kulikuwa na neno la baridi ya ukuta upande usiopigwa jua. Neno la kusikia watu wakila na wewe huli. Neno la jina ambalo mtu huliacha nje anapoingia. Na katika daftari la mwisho, wino wake bado haujafifia, palikuwa na kitenzi chenye duara: *kumsubiri mtu anayekonda*.

Alibeba magauni mawili na daftari moja, akafunga mlango, akarudi kuujaribu tena kama umefunga kweli.

*

Wiki ya pili nesi alimpima dada uzito, akatikisa kichwa. Kilo sita zilikuwa zimekwenda. Kila sahani ilirudi kama ilivyoletwa. Kitanda nacho kilikuwa kimesogea kutoka ukutani, upana wa kiganja. Wasafishaji walikirudisha, na kesho yake kikakutwa pale pale.

"Dada, kula basi," Bwana Pasi alimwambia kwa Kiswahili. Alikuwa bado anaona aibu kumeza maneno mbele za watu.

Dada alinyoosha mkono wa kushoto kwenye chuma. Alitaka kujitaja, na Bwana Pasi alingoja pigo la kifundo. Badala yake ukucha ulikwaruza. Kisha jina.

"Umekosea," alisema upesi. "Wewe ni wa kugonga. Watu wote ni wa kugonga, wewe mwenyewe ndiye uliyeweka hiyo sheria."

Dada alimtazama kwa upole kwa lile jicho lake zima. Akakwaruza tena, akataja jina lake tena.

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na stoo ya shuka. Bwana Pasi aliijua vizuri kuliko sebule yake, maana kila asubuhi alisukuma toroli hadi pale kupanga alichonyoosha. Siku hiyo, saa tisa mchana, aliingia mikono mitupu na kufunga mlango. Jua lilipenya kwenye vioo vya juu. Shuka zilinukia sabuni. Rafu zilisimama zimeacha upenyo mwembamba nyuma yake, kwa sababu fundi aliyezipachika zamani hakupata skrubu fupi.

Alipiga magoti, akaweka sikio. Upande wa wodi alimsikia dada yake, wazi kabisa, mikwaruzo mitatu. Mpo?

Jibu halikutoka wodini. Lilitoka mle ndani ya upenyo, karibu na shavu lake, na hewa iliyokuwa hapo ilivutwa kidogo, ikapita usoni pake kuelekea gizani. Zilikuwa pumzi nyingi zilizovutwa kwa pamoja. Tupo.

Kisha wakauliza. Lilikuwa swali jepesi, la maneno aliyoyajua tangu ana miaka saba, baada ya jina la dada: "Anapenya?"

Upande wa pili dada alivuta pumzi. "Bado," alijibu. "Karibu."

Bwana Pasi baadaye hakuweza kueleza kwa nini hakukimbia. Mara ya kwanza alikimbia, akiwa mtoto, na safari hii miguu ilikuwa ni ya mzee. Aliinua ngumi, ile ngumi iliyokuwa haiingii nyuma ya kabati, akaupiga ukuta pigo moja mpaka shuka zikaporomoka kwenye rafu. Akalimeza jina la dada yake. Akagonga tena, akalimeza tena. Kugonga na jina, kugonga na jina, katika ngeli yake sahihi. Kisha akasema sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema kwa lugha ile: "Huyu hapenyi. Ni mnene. Ana ndugu. Hapenyi."

Ile hewa ilisimama. Hakujibiwa. Alipotoka, vifundo vyake vilikuwa vinavuja damu, na nesi aliyekuwa akipita kwenye ujia alimuuliza kama rafu zimemwangukia.

*

Jioni ile alimweleza mkewe kila kitu, kuanzia kwenye sabuni. Mke alikuwa mwanamke wa mwili wake, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya nne, na Bwana Pasi alijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama.

"Yaani wanamsubiri akonde?"

"Ndivyo nilivyosikia."

"Basi watasubiri sana. Wifi yangu anapenda mayai?"

"Zamani alipenda."

"Nipe miezi miwili. Nikimaliza naye hatapita hata huo mlango wa wodi, watamtolea dirishani."

Kesho yake mama huyo aliingia wodini na vyombo vitatu vyenye mifuniko: supu, mayai, na viazi vilivyopondwa na maziwa. Alisukuma kitanda kidogo, akavuta kiti akakiweka katikati ya kitanda na ukuta, kwenye upenyo ule ule, akakikalia, na kiti kikaenea nafasi yote. "Wifi, fungua," alisema. Dada alifumba mdomo. "Mimi sijui kugonga wala kukwaruza," mke aliendelea, "lakini kijiko hiki kitaingia leo au tulale hapa wote." Walitazamana muda mrefu. Kijiko kiliingia.

Alikuja siku zote, mchana na jioni. Mizani ilianza kupanda kwa nusu kilo, kisha kilo. Bwana Pasi naye alikaa upande wa pili na kila dada alipojikwaruzia jina, yeye alimgongea. Hakumkemea. Alirekebisha tu, kama mwalimu mwenye subira. Wiki ya tano, dada alipotaka mto wa pili, kifundo chake kiligonga chuma kabla ya jina. Bwana Pasi alitoka nje kwenye ujia akasimama huko mpaka alipoweza kurudi.

Neno la kwanza la Kiswahili lilikuja wiki ya sita. Mke alikuwa akimlisha supu, binti wa matamshi yupo, daftari mkononi.

"Chumvi," dada alisema.

"Eti?"

"Haina… chumvi."

Mke aliweka bakuli chini na kushika kiuno. "Mwezi mzima nabeba vyombo, neno la kwanza ni la kunitukana!" Akacheka kile kicheko chake, na wodi nzima ikacheka naye, hata wasiojua kinachochekwa.

*

Dada aliporuhusiwa kutoka hospitali, Bwana Pasi na mkewe walimchukua kwao. Mke aliweka kitanda cha wifi yake katikati ya chumba, mbali na kuta zote nne, kama meza ya mikutano. Dada hakuuliza sababu.

Siku moja ya mapumziko ndugu wawili walikuwa wakikunja nguo, kaka kwa mikono miwili, dada kwa mmoja. Kaka akajikaza, akamwambia siku ile ya sabuni ilikuwaje. Dada alimsikiliza akiendelea kukunja.

"Nilijua," alisema. Maneno yake bado yalikuja moja moja, kama mtu anayechagua mchele. "Ulikuwa na uso… kama unga. Nilipoingia, walikuwa bado wanahesabu."

"Ukafanyaje?"

"Nikakaa. Nikasikiliza mpaka mwisho."

"Walifika ngapi?"

Dada alilinganisha ncha za taulo, akazibana kwa kidevu, akalikunja. "Lete hilo shati," alisema.

Baada ya muda alisema tena, bila kuulizwa, "Usinifikirie vibaya. Nikitoka kazini… nani mwingine alikuwa akiniuliza kama nipo?"

Bwana Pasi aliishi mitaa mitatu tu kutoka kwa dada yake miaka yote ile, na walionana misibani na harusini. Alimsogezea shati.

Mwisho wa mwezi uliofuata binti wa matamshi alikuja na ombi. Alikuwa amejaribu lugha ile na wagonjwa wawili wasioweza kusema, fundi ujenzi mmoja na mama mmoja muuza duka, na ndani ya siku nne wote waliweza kuomba maji, kuomba kugeuzwa, na kusema panapouma. Alitaka yale madaftari aliyosimuliwa na Bwana Pasi ayatolee nakala yatumike wodini. Dada afikirie, hakuna haraka.

"Nitakupa," dada alisema hapo hapo. "Ila nisubiri siku nne."

Siku nne hizo alikaa mezani, mbele yake madaftari kumi na saba, mkono wa kushoto umeshika kalamu ya wino mweusi. Alianza la kwanza. Kila alipokuta nukta alipita. Kila alipokuta duara alifuta neno, maana yake na mikwaruzo yake, mstari juu ya mstari, mpaka karatasi ikaloa. Mke alimletea chakula pale pale, naye akala chote.

"Mbona unayafuta?" kaka aliuliza. "Mazuri mengi yako humo."

"Hayo si yangu kuyatoa. Nilipewa mimi." Akafunua ukurasa. "Na wale wagonjwa, mdogo wangu… ni watu waliokonda."

Siku ya nne, mchana, alifika daftari la mwisho. Alifuta hadi likabaki neno moja chini ya ukurasa. Bwana Pasi alikuwa amesimama nyuma yake, na dada akainua kalamu bila kugeuka.

"Hili usilione."

Alikwenda dirishani. Nje mkewe alikuwa akianika shuka na kugombana na jirani kuhusu kamba. Nyuma yake kalamu ilikwaruza, ikapumzika, ikakwaruza tena, kwa muda mrefu kuliko kufuta neno moja kunavyohitaji, kama mtu anayezungumza. Kisha daftari likafungwa.

"Tayari," dada alisema. "Mpelekee."